Mwanakikundi wa Nne

Daftari la maabara lilikuwa na saini nne, na walioingia walikuwa watatu.

Katibu wa kikundi ndiye aliyeliona hilo, kwa sababu ndiye aliyesaini wa mwisho. Kila kikundi cha mwaka wa mwisho kilikuwa na ukurasa wake katika daftari lile, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa hata koleo kabla ya kutia saini. Saini ya nne ilikuwa ya uongo tangu mwanzo. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiitia, kwa mkono wa kushoto, ili mwandiko usifanane na wake. Lakini asubuhi ile alikuwa hajaitia bado. Alibadilisha kalamu mkono, akainama, akaikuta ipo. Wino ulikuwa mbichi. Alipougusa ulimchafua kidole, na kidole kikanuka kama moto uliomwagiwa maji.

Aliwauliza wenzake nani amesaini. Tarumbeta, aliyepewa jina hilo kwa kuwa sauti yake iliingia chumbani kabla yake, alisema labda mwenyewe kaja leo, maana amechoka kusainiwa kama maiti. Kobe alikuwa amekaa juu ya mfuko wa saruji, anafunga kamba za viatu kwa ule utaratibu wake wa kufanya jambo moja kama mtu anayelipwa kwa saa. Aliinua kichwa, akatazama daftari, akarudi kwenye kamba zake.

Mambo yalianza hivi. Idara ilikuwa na kanuni kwamba kikundi cha mradi kisipungue watu wanne. Wao walibaki watatu baada ya mwenzao mmoja kuacha masomo, na tangazo likabandikwa kwamba vikundi pungufu vitavunjwa na watu wake kugawanywa kwingine. Tarumbeta na Kobe wasingeumia sana kwa hilo. Katibu angeumia. Mradi ulikuwa wake, tena wa zamani kuliko chuo. Mama yake alikufa chini ya ukuta wa zege bovu, Katibu akiwa na miaka sita. Shangazi yake ndiye aliyemfukua yeye, kwa mikono, na ndiye aliyemlea. Tangu siku ile mtoto alikuwa akijiuliza kwa nini ukuta uliokuwa mgumu ukiupiga ngumi uliporomoka kama unga. Sasa alikuwa na jibu la kujaribu. Angepunguza saruji kwenye zege na kuongeza majivu ya maganda ya mpunga, yaliyochomwa vizuri na kuchekechwa, ili mtu asiye na uwezo mkubwa ajenge nyumba isiyomwua. Hakuwa tayari kulibeba wazo hilo hadi kwenye kikundi cha watu wengine, likafie huko.

Tarumbeta ndiye aliyesema wamzue wa nne. Msimamizi wao alikuwa na vikundi saba, na alisaini fomu kama mtu anayefukuza nzi. Kila mmoja akatoa silabi moja ya jina lake, wakaziunganisha, likapatikana jina ambalo halikuwahi kuwa la mtu. Lilikuwa na silabi tatu, tena zuri kulitamka. Walilicheka mpaka mwenye mkahawa akawatazama. Katibu akaliandika kwenye fomu kwa kalamu yake ya wino wa buluu.

Fomu ilitaka kila mwanakikundi apewe jukumu. Katibu akajipa hesabu na ripoti. Tarumbeta akapewa vifaa na kusema mbele ya jopo, Kobe akapewa kuchanganya. Wa nne akakosa kazi. Tarumbeta akasema wampe kuponda, yaani kubana zege kwenye mashine mpaka livunjike ili nguvu yake ijulikane, kwa kuwa kuponda hakufanywi na mwanafunzi hata siku moja. Ni kazi ya Mzee Tani, fundi wa maabara, ambaye haruhusu mtu kusogelea mashine yake. Basi Katibu akaandika mbele ya lile jina: *kuponda sampuli zote za wanakikundi, siku ya saba, siku ya kumi na nne na siku ya ishirini na nane.* Ilikuwa kazi isiyo na mtu, wakampa asiye mtu.

Majivu waliyapata nyuma ya kinu cha mpunga kilichofungwa zamani, kwenye jaa lililokuwa bado likifuka moshi chini kwa chini ingawa hakuna aliyekumbuka nani aliliwasha. Walikwenda jua likiwa utosini. Walijaza gunia, wakashindwa kulipandisha kwenye gari, na Tarumbeta, akihema, akageuka upande usio na mtu, akaita lile jina na kusema, "Shika huko, bwana, na wewe umo."

Gunia likapanda. Wote watatu wakacheka, wakasema ni nguvu ya njaa.

Zege likachanganywa Jumatatu. Saa nne asubuhi walijaza kalibu za chuma, kila mmoja tatu zake, ipatikane michemraba tisa. Ya Tarumbeta ingepondwa siku ya saba, ya Kobe ya kumi na nne, ya Katibu ya ishirini na nane, wakati zege limekomaa kabisa. Katibu alitaka kila mtu aweke alama yake, kosa likitokea lijulikane ni la nani. Rangi hubanduka majini, akasema, kwa hiyo waandike kwa msumari zege likiwa bado bichi. Kila mmoja akachimba jina lake juu ya michemraba yake mitatu. Kesho yake waliitoa kwenye kalibu, wakaizamisha kwenye tangi la maji la kukomazia. Hiyo ndiyo asubuhi ambayo Katibu alikuta saini mbichi.

*

Jumatatu iliyofuata, saa nne, Tarumbeta alikuwa anatoka chumbani kwake bwenini. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika fremu ya mlango, na mdomo ulikuwa unamalizia utani na jirani. Mlango ukajifunga. Jirani alisema baadaye kwamba hakukuwa na upepo, hata pazia halikutikisika. Ulijifunga juu ya vidole vinne, na kilichosikika, alisema, hakikuwa kama mfupa. Kilikuwa kikavu na kizito, kama jiwe linalopasuka. *Ta.* Ukafunguka. Tarumbeta hajapata pumzi ya kupiga kelele, mkono ukavutwa ndani ya ule upenyo, mlango ukajifunga kwenye kifundo. *Ta.* Ukafunguka tena, ukamvuta tena, ukajifunga kwenye kiwiko, na mara hii haukufunguka. Vijana watatu waliusukuma kwa mabega wakashindwa. Ulipoachia wenyewe, Tarumbeta alianguka sakafuni, na mkono ulianguka baada yake, umeshikiliwa na ngozi.

Wakati huo Mzee Tani alikuwa akimgombeza Katibu mlangoni pa maabara. Alikuwa amefungua asubuhi akasafisha mashine, akatoka kwenda kunywa chai, na aliporudi alikuta michemraba mitatu ya Tarumbeta imepondwa na kuachwa kwenye sinia. Fomu ya matokeo ilikuwa imejazwa vizuri, tani thelathini na sita, thelathini na saba, thelathini na saba, na saini chini. Alitaka kujua ni mshenzi gani kati yao amechonga ufunguo. Katibu alikuwa bado anaitazama saini ile simu ilipoita.

Madaktari walimkata Tarumbeta juu ya kiwiko. Usiku na mchana sauti yake ilisikika wodi nzima, kisha ikanyamaza, na kunyamaza kwake kulitisha zaidi. Kwenye benchi la hospitali Kobe alimwambia Katibu kitu alichokuwa nacho tangu siku ya jaa. Gunia halikupanda kwa nguvu ya njaa. Yeye alikuwa ameshika pembe moja, na pembe ya ng'ambo, pale pasipo na mtu, ilikuwa imeinuka kabla ya yake.

"Tulimwita, dada," alisema. "Tulimwita kwa jina, na tulikuwa tumempa kazi."

Katibu alimwambia kwamba mlango ni mlango na ajali ni ajali. Alikuwa mtu wa vipimo. Jioni ile alitoa michemraba yake mitatu kwenye tangi, akaifunga kwenye shuka, akaisukuma chini ya kitanda. Asubuhi shuka lilikuwa limekunjwa vizuri juu ya meza. Michemraba ilikuwa tangini. Nywele zake zililowa maji yenye majivu.

Mzee Tani naye hakuwa mjinga. Siku ya kumi na nne alikata umeme wa maabara kwenye swichi kuu, akafunga mashine kwa mnyororo na kufuli, akamwambia Kobe akae kwenye kigoda katikati ya sakafu, mbali na mlango, mbali na ukuta, mbali na kila kinachoweza kubana. Kobe alikaa. Alitazama ile nafasi tupu iliyomzunguka, akasema leo kobe amekosa hata gamba. Yeye na mzee walicheka kidogo, kwa adabu.

Saa nne ilipofika harufu ilikuja kwanza, ya moto uliozimwa kwa maji, ikapanda kutoka sakafuni kama joto. Kisha maji ya tangi yakagonga kingo, mara tatu, kama mtu anayetoa kitu kizito na kukiweka chini, na kwenye sakafu kavu zikatokea nyayo za majivu mabichi, moja mbele ya nyingine, bila haraka, kama za mfanyakazi aliyewahi na hana sababu ya kukimbia, zikaelekea kwenye mashine, mnyororo ukaanguka ukiwa bado na kufuli yake, na mshale wa mashine isiyo na umeme ukaanza kupanda, tani kumi, tani ishirini, tani arobaini, na Kobe akatazama mguu wake wa kushoto kwa mshangao, kama mtu aliyekanyagwa na rafiki, kwa sababu kifundo kilikuwa kinasinyaa ndani ya soksi, kinabanwa juu na chini na hewa tupu, mpaka kikasema *ta* na damu ikajaa kiatu. Alipiga kelele mara moja. La pili lilikuwa paja. Mzee Tani alimrukia, akamkumbatia kwa mikono yote miwili kama mtu anayezuia pipa lisipasuke, akimwomba asiyemwona aache, aache, huyu ni mtoto wa watu, na la tatu likaja, na mzee akahisi mbavu za kijana zikiingia ndani chini ya mikono yake, moja baada ya nyingine, taratibu, kwa kipimo.

Kobe aliishi siku tatu. Idara iliandika ajali ya mashine, ikaifunga maabara, ikawaahidi wazazi wake kwamba shahada yake itatolewa, kwa kuwa kazi yake ilikwisha. Kwenye fomu ya matokeo kulikuwa na namba tatu safi na saini.

*

Shangazi yake Katibu alikuwa fundi cherehani. Hakuwa na ubao mlangoni unaosema lingine, lakini watu walimletea wagonjwa ambao hospitali iliwarudisha, na waliokwenda kwake hawakusimulia. Alimsikiliza binti wa kaka yake mwanzo hadi mwisho huku akipinda upindo wa gauni. Cherehani haikusimama hata alipotajiwa mbavu.

Aliuliza mambo mawili tu, nani alilitunga jina na nani aliliandika. Katibu akajibu kwamba walilitunga wote na aliliandika yeye.

"Jina lisilo na mwenyewe ni nyumba isiyo na mlango, mwanangu," alisema shangazi. "Anayepita huingia. Nyinyi mlimwekea na taa, mkamwachia na kazi. Yeye hana chuki nanyi. Anafanya kazi yake."

Katibu aliuliza kama angeweza kuivunja ile michemraba, aitupe. Shangazi akamwambia aliyeweka jina lake ndani ya jiwe akilivunja jiwe anajivunja. Kisha akakata uzi kwa meno, akampa maagizo. Aende kwa mwalimu wake na kalamu ileile. Aifungue fomu mbele yake, alikate jina kwa mkono uleule ulioliandika, na aseme kwa kinywa chake kwamba mtu huyu hayupo na hakuwahi kuwapo. Asiyekuwapo hana kazi.

Katibu alijua kanuni za chuo kuliko waliozitunga. Kughushi mwanafunzi ni kufutwa, kikundi kizima, wazima kwa wafu. Shangazi alimwona akipiga hesabu hiyo, akaielewa.

"Chagua mwenyewe. Ila nisikilize," alisema. "Sasa hivi ni upepo uliovaa saini. Usimpe pa kukaa. Ukimpa mwili hatatoka tena, na mimi sitakuwa na mkono wa kumtoa."

*

Siku ya ishirini na nane Katibu alifika kwenye ofisi ya msimamizi saa tatu na nusu. Kalamu ya buluu ilikuwa mfukoni. Kwenye benchi nje ya mlango alikuwa amekaa Tarumbeta, mkono wa shati umekunjwa na kubanwa kwa pini. Alikuwa amekisia. Siku zile alikuwa akiongea polepole, na kwa sauti ya mtu mwingine.

Alisema anajua Katibu anakwenda kufanya nini, na anajua kwa nini, na hawezi kumwambia afe. Alisema hayo yote akitazama sakafu. Kisha akainua uso.

"Lakini mimi nimeshalipa, Katibu. Ukilikata lile jina, mkono wangu ulikatwa kwa kitu gani? Na mama yake Kobe, aliyeambiwa atapokea cheti cha mwanawe, utakwenda kumwambia nini?"

Mlango ukafunguka. Msimamizi alisimama na kikombe mkononi, akamtazama Katibu kwa ule uchovu wake wa wema, akamuuliza alikuwa anahitaji nini.

Katibu alikuwa na sentensi tayari kinywani, na ukweli ni kwamba hakumfikiria Tarumbeta wala mama yake Kobe. Alifikiria ukuta, na unga wa ule ukuta kinywani mwake akiwa na miaka sita. Alikifikiria kitabu cha mradi ambacho kilikuwa kimebakiza jedwali moja.

"Nilikuja kukusalimia tu, mwalimu," alisema.

Njia nyingine ilikuwa imemjia usiku, akaifukuza. Sasa aliikaribisha. Ikiwa aliyeandikwa ndiye anayepondwa, basi aandikwe mwingine. Alikimbilia stoo ya vifaa, akachota saruji kwenye bakuli, akaikoroga na maji mpaka ikawa uji mzito, akachukua msumari. Mzee Tani alikuwa kwenye kiti chake nje ya maabara iliyofungwa. Alimpa ufunguo bila kumtazama. Kwa saa ya mkononi ilikuwa imebaki dakika sita.

Hazikuwa sita. Saa ya ukutani ya maabara, ambayo ndiyo iliyofuatwa humo, ilikuwa mbele.

Alikuwa amepiga hatua tatu ndani *ta* la kwanza liliposikika, na mguu wake wa kushoto ukabanwa. Alianguka kwa goti. Alijua bila kutazama kwamba mifupa midogo ya mguu, ile mingi yenye majina asiyoyajua, ilikuwa imesagwa yote pamoja. Hakulia, alilishikilia bakuli lisimwagike. Alianza kutambaa. Sakafu ilikuwa na nyayo za majivu na yeye alitambaa juu yake, zilikuwa na joto, na kwenye mashine mbele yake mchemraba wa pili ulikuwa umekaa kati ya mabamba mawili ya chuma, jina lake limetazama juu, mshale unapanda, na alipofika nusu ya njia bega la kushoto likaingia kifuani, likasema *ta*, na mkono ukaninginia kama mkono wa shati la Tarumbeta. Vipande vya zege vikamwagika kwenye sinia. Mchemraba wa tatu ukateleza mahali pake peke yake, ukilia kwenye chuma.

Ndipo kichwa kilipobanwa. Kilibanwa pande zote mbili, kwa upole kwanza, kama mzazi anayemshika mtoto amtazame usoni, kisha upole ukaisha, na mshale ukawa tani kumi na tano, na damu ikamtoka puani, ikamtoka masikioni, akasikia mshono wa fuvu lake ukilia ndani kama mlango wa zamani, na bado alijivuta juu kwa mkono mmoja uliobaki, akaegemeza kidevu kwenye chuma cha mashine, jicho la kushoto likawa jekundu kisha likawa halioni, tani ishirini na tano, na akachota uji wa saruji kwa kiganja, akaupaka ubavuni mwa mchemraba, alipoona tu pembe ya jina lake ikichungulia upande wa juu akaupaka na huko, kwa vidole vilivyopita kati ya jiwe na bamba, ngozi yake ikabaki pale, na kwa msumari, kwa mkono wa kulia ambao haukuwahi kuandika jina lile ila kwenye fomu, akaandika silabi ya Tarumbeta, tani thelathini na tano, akaandika silabi ya Kobe, na alipoandika yake mwenyewe hakuwa anaona tena alichokiandika.

Kubanwa kukaacha.

Alianguka chali. Kutoka chini aliuona mshale ukiendelea kupanda. Zege zuri la siku ishirini na nane huvunjika kwenye tani hamsini na sita au zaidi kidogo. Hesabu hiyo aliifanya mwenyewe. Ulipita sitini. Ulipita mia. Kitu kilikuwa kinapiga kelele humo, au kilikuwa kinacheka. Katibu, masikio yamejaa damu, hakuweza kuapa. Kwenye tani mia mbili, mwisho wa namba, kioo kilipasuka, nguzo moja ya mashine ikapinda, bamba la chuma lenye unene wa ngumi likagawanyika vipande viwili, na boliti ikaruka ikazama ukutani hadi kichwa.

Kisha kimya. Harufu ilikuwa imeondoka. Mchemraba ulikuwa umekaa kati ya chuma kilichovunjika, mzima, pembe zake kali kama ulitoka kalibuni jana.

*

Shangazi alikaa kando ya kitanda cha hospitali wiki mbili. Siku Katibu alipoweza kukaa, alimpapasa kichwa chote kwa vidole vya ufundi, kama anayetafuta mahali uzi ulipoachia, akamuuliza kama alilikata lile jina.

"Limekwisha, shangazi."

"Sikukuuliza kama limekwisha."

Hakuuliza tena, siku ile wala siku nyingine.

Mradi ukatetewa. Tarumbeta alisimama mbele ya jopo akasema vizuri, na jopo likasifu hasa ule mchemraba mmoja ulioshinda mashine, likaomba kuuona. Haukuonekana. Mzee Tani alidhani Katibu amebaki nao kama kumbukumbu. Katibu alidhani Mzee Tani ameutupa. Siku ya mahafali majina manne yalisomwa. Mama yake Kobe alipanda jukwaani akapokea cheti kwa mikono miwili. Jina la mwisho lilipotajwa hakupanda mtu, lakini walipofika kwenye meza kusaini orodha, cheti cha nne kilikuwa kimeshachukuliwa.

Mwaka na nusu baadaye Katibu alikuwa mhandisi mdogo kwenye ujenzi wa jengo la ghorofa sita. Alichechemea, jicho moja halikuona pembeni, na mafundi walimheshimu kwa sababu alipima kila kitu mara mbili. Alitoka likizo ya ugonjwa akakuta sakafu ya ghorofa ya tatu imeshamwagwa. Msimamizi wa mafundi, baba mmoja mcheshi, alimtembeza juu yake kwa fahari. Akamwonyesha pembeni, penye nguzo, mahali ambapo vijana walikuwa wamechimba majina yao kwa msumari zege likiwa bado bichi. Yalikuwa majina arobaini na moja, kwa safu, mengine na moyo, mengine na namba ya simu.

"Ni utoto wao," alisema yule baba. "Nimewaacha. Mtu akijenga hutaka kukumbukwa."

Katibu alitabasamu. Aliomba fomu za majaribio ya zege la ghorofa ya pili, kama kawaida yake. Namba zilikuwa safi, safi mno. Alishusha jicho lake zima hadi chini ya karatasi, penye saini, akaisoma silabi kwa silabi.

Aliuliza ni nani huyu. Msimamizi akasema ni yule kijana mpya wa maabara, aliyeletwa na vyeti vyake Katibu alipokuwa likizo. Mkimya, mzito kama jiwe, ananuka moshi kidogo, lakini kazi yake haina dosari, na hajawahi kuchelewa.

"Sakafu hii ina siku ngapi?" aliuliza Katibu.

Yule baba alihesabu kwa vidole, akicheka kwamba wahandisi wote ni wamoja, hawaoni jengo wanaona kalenda. Akatazama saa yake. Inakaribia saa nne, alisema. Leo ndiyo ya saba.

Chini yao, ghorofa ya pili, mafundi walikuwa wakiimba wanapopandisha mbao. Katibu alitupa fomu, akaelekea kwenye ngazi kwa ule mguu wake mbaya, akiwaita watoke, watoke wote, na wimbo haukukatika, kwa sababu hakuna aliyemsikia.

*Ta.*

Sauti moja ikapungua kwenye wimbo.